Ganda la Risasi Si Kidani, Mazee

Juzi maskani hapa Ukunda jamaa mmoja katokea na mkufu mpya. Ganda la risasi ya bastola, kalitoboa tundu, kalipiga Brasso mpaka linang'aa kama dele la kahawa. Simu zikatoka, picha zikapigwa. Mmoja wetu, mtu wa YouTube sana, akaanza darasa: ati kule Marekani watu huyaokota na kuyajaza upya, ganda moja linarudi kazini mara kumi. Mwingine, mara tano tu. Mwingine, ishirini. Ubishi ukaenda saa nzima.

Nikauliza swali moja: umelitoa wapi? Akacheka. "Barabarani, asubuhi. Si usiku kulikuwa na milio?"

Basi tuumalize ubishi kwanza. Ganda zuri la bastola ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu na zinki, takriban 70 kwa 30. Likifyatuliwa linatanuka, likijazwa upya linabanwa lirudi saizi yake. Tanua, bana, tanua, bana. Ni kama kukunja waya huku na huku: shaba inakakamaa, mwisho mdomo unapasuka. La bastola hupata presha ndogo kuliko la bunduki kubwa, kwa hivyo linadumu: mara kumi si ajabu, na zaidi. La bunduki kubwa hurefuka na kuchoka mapema. Haya, mwenye YouTube, umeshinda.

Lakini umeshinda ubishi usiotuhusu. Kwetu risasi hutengenezwa kwa leseni, kuna kiwanda cha serikali Eldoret, na ukijitia fundi wa kujaza nyumbani, Sheria ya Silaha inakungoja. Hesabu ya "mara ngapi" si yetu. Yetu ni hii: ganda la risasi linadumu kama ushahidi muda gani?

Jibu: miaka na miaka, mpaka mjinga mmoja alipige Brasso.

Kila bunduki inauma ganda kwa meno yake. Pini inagonga kitako, inaacha shimo. Chuma cha nyuma kinaacha mikwaruzo. Ndoano inayolitoa inaacha alama ukingoni. Mtaalamu akiweka ganda lililookotwa chini ya hadubini, kando ya lingine lililofyatuliwa kwa bunduki inayoshukiwa, anaweza kusema kama yanatoka silaha moja. Na kuna zaidi. Mwaka 2008 mwanasayansi Mwingereza, John Bond, alionyesha kwamba chumvi ya jasho la vidole inaila shaba kidogo kidogo, na alama ya kidole inaweza kuonekana hata baada ya ganda kufyatuliwa na kupanguswa. Yaani aliyelitia risasi ile kwenye bastola huenda ameacha sahihi yake. Wewe umeisugua ili upate likes.

Najua mtakachosema. "Tukiliacha, wataliokota wenyewe, na kesi imekufa." Hiyo ni hoja, siikatai. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inasema mtu akiuawa au kuumizwa vibaya na polisi, IPOA iarifiwe mara moja na eneo lilindwe. Imeandikwa vizuri kweli. Lakini sisi wa Kwale si watoto. Mashirika ya haki za binadamu yameandika miaka nenda miaka rudi juu ya vijana wa huku waliopigwa risasi au kupotea, na akina mama wao bado wanazunguka na picha mkononi.

Ndiyo maana nakasirika. Kama huwaamini, basi kidani chako kinawasaidia nani? Ganda likiwa shingoni mwako halisemi lilianguka wapi, saa ngapi, upande gani wa barabara. Umefanya ile kazi unayowalaumu wengine kuifanya, tena bure.

Ukilikuta, fanya hivi. Usiliguse. Piga picha ya mbali kwanza, ionyeshe duka, mti, nguzo ya stima, chochote kisichohama. Kisha ya karibu, na sarafu ya shilingi kumi kando ili ukubwa uonekane. Andika saa na mahali. Usiikate picha wala kuiwekea filta; tunza ile ya asili. Arifu IPOA au wakili wa haki za binadamu. Na kama lazima liondolewe kwa sababu litapotea, liondolewe mbele ya mashahidi, bila kidole kitupu, litiwe kwenye bahasha ya karatasi, liandikwe, likabidhiwe. Sio mfukoni, sio kwenye Brasso.

Yule jamaa alinijibu: "Kwani nani amekufa?" Sijui. Yeye pia hajui. Labda hakuna. Labda ni risasi iliyopigwa hewani. Lakini kama yuko mama Msambweni au Diani anayetafuta jibu la usiku ule, basi jibu lake limetobolewa tundu na linauzwa mia tatu pamoja na shanga.

Shaba haisahau. Tunaoisahaulisha ni sisi. Mtumie mwenye kidani.