Matairi Mapya Funga Nyuma

Wewe msomaji uliyeniandikia kuhusu Subaru Impreza yako, barua nimeipata. Unasema ulinunua matairi mawili mapya ukayafunga mbele, kisha fundi akakuwekea springi ngumu nyuma ili gari liwe la michezo hasa. Sasa mvua ikinyesha, ukiteremka kona za Mai Mahiu na watoto ndani, mkia unakuponyoka. Waniuliza kama usukani umeharibika.

Usukani hauna makosa, ndugu yangu.

Injini ya Impreza imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hivyo pua ni nzito. Ukiingia kona kwa kasi, pua husukumwa nje badala ya kukata. Waundaji wengi hupenda iwe hivyo, kwani dereva akishtuka huachilia mafuta, uzito unarudi mbele na gari linashika njia tena. Wewe umeyapindua mambo. Mbele sasa panashika barabara, lakini yale matairi makuukuu ya nyuma hayawezi kutawanya maji, na springi ngumu zinazidi kuyapunguzia mshiko. Ukiachilia mafuta katikati ya kona nyuma panakuwa pepesi, na kufumba na kufumbua unatazama ulikotoka!

Hata Porsche walisumbuka. Gari lao la 911, lililoonyeshwa mwaka wa 1963, lina injini nyuma kabisa, na mwanzoni matairi yote manne yalikuwa na upana mmoja. Kwa magari ya mwaka wa 1969 walisogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 zaidi. Baadaye matairi ya nyuma yakawa mapana kuliko ya mbele. Gari hilo lilikuwa la pili katika Safari Rally mwaka wa 1974 na 1978, kwa hivyo usidhani ni bovu.

Kesho asubuhi yahamishe yale mapya nyuma. Rudisha springi za zamani. Pima upepo matairi yakiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni, si maneno ya kijana wa petroli stesheni. Halafu anza kuweka pesa: gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hutaka matairi manne yanayolingana, la sivyo gia zake huumia. Ukienda kununua, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019, hata kama muuzaji ameyapaka rangi yakang'aa.