Utafiti uko Kilifi, maumivu yako Marafa

Mgeni akija Marafa hupelekwa Nyari, lile korongo la udongo mwekundu ambalo watalii huliita jiko la jehanamu. Hupiga picha jua likichwa, kisha huenda zao. Mimi majuzi nililala Marafa kwa jamaa yangu, na usiku kucha nikasikia kilio cha mtoto wa nyumba ya pili. Ana miaka 7 na ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Mifupa ilikuwa ikimuuma. Mamake alimkanda kwa maji moto, akampa panadol, akambeba hadi alfajiri.

"Kaka, mimi nimeshazoea," aliniambia asubuhi. "Yeye ndiye hazoei."

Kinachoniudhi ni kwamba maumivu ya mtoto huyu si fumbo kwa wataalamu. Yamechunguzwa hapa hapa kaunti yetu. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kipo mjini Kilifi tangu 1989. Uchunguzi wa watoto wachanga 15,737 wa Kilifi, uliochapishwa 2019, ulikuta 128 wana selimundu, yaani karibu mmoja katika kila 123. Hesabu mwenyewe madarasa ya chekechea unayoyajua.

Kilifi ilishiriki pia katika majaribio ya haidroksiyurea, dawa kongwe ya saratani, pamoja na Angola, Kongo na Uganda. Watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 waliitumia. Kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 yalihesabiwa mashambulio ya maumivu 98 kwa mwaka. Baada ya dawa yakashuka hadi 45. Malaria nayo ikapungua kwa nusu. Matokeo yalitolewa Desemba 2018, na mtoto niliyemsikia akilia hakuwa hata na umri wa kutembea, kama alikuwa amezaliwa.

Basi mbona bado analia? Watu husema dawa ni ghali, au serikali haijali, na hapo mazungumzo hukatika. Mimi naona tatizo ni pana zaidi. Haidroksiyurea haitolewi kama peremende. Mtoto hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo kipandishwe au kishushwe. Ukileta vidonge Marafa bila maabara na mtu wa kuitumia, hujaleta tiba. Na ukiweka kliniki Kilifi peke yake, mama huyu atapanda gari hadi Malindi, kisha jingine hadi Kilifi, na kuacha wengine nyumbani bila mlezi.

Halafu kuna maumivu yasiyoonekana maabara. Watafiti wa jamii wa Kilifi walikaa na familia za wagonjwa, na matokeo yao ya 2011 yalionyesha jinsi mama anavyolaumiwa kwamba ugonjwa umetoka upande wake. Ilhali mtoto hupata selimundu baada ya kurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nimezijua ndoa zilizovunjika kwa lawama hii. Daktari wa damu hawezi kuitibu peke yake. Anahitajika mshauri, na mara nyingine sheikh, mchungaji au mzee wa kaya wa kumkalisha baba chini.

Wazo la kuunganisha wataalamu si geni. John Bonica, daktari wa Marekani aliyepata kuwa mwanamieleka na kuishi na maumivu ya viungo, aliligundua hilo baada ya kutibu wanajeshi wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1960 akahamia Chuo Kikuu cha Washington, akaanzisha kliniki ambapo daktari wa usingizi, wa mifupa na wa akili walimtazama mgonjwa mmoja kwa pamoja.

Na sisi Waislamu tusijifiche nyuma ya neno subira. Kusubiri ni ibada, na kutafuta dawa pia tumeamrishwa.

Tangu 2013 hospitali zetu ziko mikononi mwa kaunti. Bajeti ikisomwa, wawakilishi wa Magarini waulizwe: kipimo cha damu kitafanyiwa Marafa lini, na nani atalipwa kukifanya? Mama yule hataki mradi mpya wa utafiti. Aliniuliza tu kama nikienda Malindi naweza kumuulizia dawa. Duka la kwanza nililoingia hawakuwa nayo.