KALAMU NA RANDA: NENO KWA WAZAZI MAKARANI

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Mwenzetu mmoja alisimama akauliza: "Ni nani kati yetu aliye tayari kumwandikisha mwanawe katika mkondo wa amali?" Pakawa kimya. Sote tulikuwa tumekwisha kuusifu mpango huo mbele ya watu, lakini hapana mkono ulioinuka. Twaona haya kuliandika jambo hili. Walakini kulificha ni vibaya zaidi, maana mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kwanza tuueleze mpango wenyewe, kwa kuwa wengi wausema bila kuujua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeigawa elimu ya sekondari njia mbili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Mkondo wa amali ulianza kufundishwa katika baadhi ya shule mwaka 2024. Mtoto aliye katika mkondo huu haachi masomo ya darasani. Bali pamoja nayo hujifunza kazi moja barabara, kama vile useremala, uashi, umeme, ushonaji au kilimo. Afikapo mwisho wa kidato cha nne, masomo yake hupimwa na Baraza la Mitihani, na stadi yake hupimwa kwa kanuni za NACTVET, baraza lisimamialo elimu ya ufundi. Naye hutazamiwa kutoka na vyeti viwili. Walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa kwanza, na zamu yao ya kuhitimu ni 2027.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Huko Marekani mwanafunzi wa sekondari huweza kusoma somo la chuo akali yumo shuleni, na somo hilo moja likahesabiwa mara mbili, shuleni na chuoni. Hekima yake ni nyepesi: mtu asidaiwe bei ya pili kwa kitu alichokwisha kukinunua.

Sasa na tuitazame hesabu kwa macho ya karani. Kwa desturi tuliyoizoea, kijana wa Songea aliyekosa nafasi ya kidato cha tano hukaa nyumbani, kisha, mzazi akipata fedha, huenda Chuo cha Ufundi Stadi cha VETA kuanza kazi ambayo hakupata kuigusa shuleni. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada hata mwisho wa kidato cha nne. Lakini ada ya chuo na posho yake ni juu ya mzazi. Nasi tubandikao matangazo ya kazi ukutani twajua ya kuwa tangazo la kazi ya fundi mara nyingi hudai mambo mawili: elimu ya kidato cha nne, na cheti cha ufundi. Hivyo ndivyo vyeti viwili ambavyo mkondo wa amali wakusudia kumpa kijana kwa miaka minne ile ile.

Wala mlango wa juu haufungwi. Ngazi za ufundi stadi katika nchi yetu ni tatu. Juu yake ngazi ya nne huanza vyuo vya ufundi, na ya sita ndiyo stashahada. Mwenye kupanda kwa vidato hivyo aweza kufika shahada kama mwenziwe aliyepita kidato cha sita.

Kwa nini basi mikono haikuinuka? Tusiwalaumu wazazi wetu bure, maana hofu hii ina asili yake. Wale walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali pale Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mbele yao, walikuwa watu wa kalamu, na kalamu ndiyo iliyowapatia heshima na sauti. Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipohimiza elimu ya Mwafrika ielekezwe zaidi kwenye kilimo na kazi za mikono, wengi walishuku ya kuwa watanyimwa kitabu wapewe jembe. Shaka yao haikuwa ya kipumbavu. Lakini tuangalie tofauti. Wakati ule watu waliogopa kupewa randa mahali pa kalamu. Sasa randa yatolewa pamoja na kalamu. Anayeikataa leo kwa hofu ya jana aikimbia nyoka aliyekwisha kufa.

Tena sisi wa Songea hatuna udhuru wa kuudharau ufundi. Peramiho ni karibu. Wabenediktini walifika huko mwaka 1898 wakitoka Ujerumani, nchi iliyozoea kumlea kijana katika karakana. Na karakana za Peramiho zimelea maseremala na waashi ambao kazi zao twaziona kwa macho. Ni mara ngapi sisi wenye tai tumekwenda kumsihi fundi, naye akatuambia tungoje zamu yetu?

Walakini hatusemi kwamba mpango hauna ila. Amali bila karakana ni jina tupu, na mtoto aliyesoma umeme ubaoni tu hatafaa hata kwa kubadili taa. Kwa hiyo twatoa shauri: shule isiyo na vyombo ifanyiwe mapatano na Chuo cha VETA hapa Songea, vijana waende kwa zamu kutumia karakana na kufunzwa na mafundi wa chuo, na kazi waliyoifanya huko iandikwe katika hesabu ya cheti chao. Twaomba Halmashauri ya Chama iandike barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa juu ya neno hili, kabla hao wa kwanza hawajamaliza.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe, nalo ndilo zito. Wakiisha kuhitimu, vijana hao wataanza kuja madirishani kwetu, kila mmoja na bahasha yake. Cheti hakina ulimi. Husema lile ambalo karani akisomaye amkubalia kusema. Tukikiweka kando kile cha pili, au tukimwambia kijana arudi akaanze upya kwa kuwa hatujui karatasi yake ni ya nini, basi tutakuwa tumeifuta miaka yake minne kwa mkono mmoja. Yampasa kila mwanachama ajifunze vyeti hivi mapema, avitambue, na avipokee vyote viwili kwa heshima sawa.

Na swali lile la mkutanoni litaulizwa tena. Twatumaini safari ijayo mikono itainuka, na ya kwanza iwe ya wajumbe wa Halmashauri, maana si haki kumsifia mtoto wa jirani njia ambayo twamkataza wetu kuipita.