Kaka, Uliza Kwanza!

Hivi karibuni nilikuwa Kidugala, mkoani Njombe, kwa shemeji yangu mmoja anayejua kila kitu. Jamaa kachukua mwavuli wa mkewe, kaubandika karatasi ya aluminiamu kwa ndani, eti huo ndio ungo wa satelaiti!

Usicheke, wazo si baya. Kazi ya ungo ni kukusanya mawimbi na kuyarudisha sehemu moja, pale inapokaa LNB, ambayo hiyo lazima ununue. Satelaiti za TV ziko juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo ukiwa Kidugala unaelekeza kaskazini, nyingine karibu kabisa na utosini. Tatizo ni umbo. Mawimbi ya Ku yana urefu wa sentimita 2.5 hivi, ungo ukijikunja milimita chache tu, picha inaanza kupotea. Na mwavuli una mikunjo kila ubavu!

Basi jamaa nje anazungusha, mkewe ndani anapiga kelele: "Rudi kidogo... hapo hapo... aah, umepitiliza!" Saa mbili nzima, hakuna kitu. Mara mvua ikashuka. Dada wa watu akauliza taratibu, "Baba, na mimi kesho kazini naenda na nini?"

Kimya.

Usiku wakakaa, wakapiga hesabu pamoja: mwavuli kwanza, ungo wa mtumba mwisho wa mwezi. Kaka zangu, ubunifu ni mzuri, lakini mali ya mwenzio inaombwa. Tukutane mwezi ujao!