Mkaa wa mianzi upimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni juu ya mkaa wa mianzi, ule unaosagwa na kutiwa katika mikate, sabuni na dawa za meno. Huko Japani mwaka 2012 Burger King waliuza hata mkate mweusi wenye nyama ndani, uliotiwa rangi kwa mkaa huo.

Sisi wa Iringa, wenye mianzi ya ulanzi, tusidhani kwamba unga wa mkaa wowote utanunuliwa. Mkaa uliochomwa ovyo hubaki na masizi na lami yenye sumu ziletazo saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu mkaa wa mimea kuwa rangi ya chakula, namba E153, lakini zimeweka kipimo cha sumu hizo, pamoja na risasi na zebaki. Nchini Marekani haumo kabisa katika orodha ya rangi za chakula, na mwaka 2018 Jiji la New York liliwazuia wenye mikahawa kuutumia. Tena mkaa wa aina hii hunyonya dawa tumboni, hivyo mgonjwa aliyemeza vidonge huenda asipate nafuu. Hilo wauzaji hawalisemi!

Je, mwanakijiji atapima wapi mkaa wake, na kwa gharama gani? Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu 2019 linasimamia chakula na vipodozi, litueleze kabla watu hawajakata mianzi na kujenga matanuri.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa.