Udongo wa Ulaya

Katika kamusi za Kiswahili za nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, kitu kinachoitwa leo saruji kilikuwa na jina jingine pia: udongo ulaya. Aliyelitunga jina hilo hajulikani, lakini hapana shaka alikuwa mtu wa macho makali. Aliutazama unga wa rangi ya jivu ulioshushwa melini, akatambua kwamba kilichomo ni ardhi iliyopikwa, na kwamba tofauti yake kubwa na udongo wa shambani kwake ni safari uliyosafiri. Jina hilo limekaribia kufa. Imani iliyokaa ndani yake haikufa. Imani hiyo husema kwamba nyumba isiyo ya saruji si nyumba bali ni kibanda, na kwamba mtu akaaye ndani ya kuta za udongo au za chokaa angali njiani tu kuielekea nyumba. Ni imani ya watu wengi, wenye elimu na wasio nayo. Walakini wingi wa waamini haujapata kuugeuza uongo kuwa kweli.

Wasomi wa lugha wana sababu ya kuwa wa kwanza kuipinga, maana neno saruji lenyewe huisuta. Neno hilo halikuzaliwa pamoja na kiwanda. Lilifika pwani kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, na huko lilikotoka lilikuwa jina la kiungio cha waashi wa kale: udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa, ukawa kitu kisichoyeyushwa na maji. Waajemi walikitumia katika mabirika na madaraja. Waomani walikipaka katika mifereji ya falaji na katika kuta za ngome, na mafundi wanaotengeneza majengo ya kale ya Oman wanakitumia hata leo. Saruji ile ya kiwandani ni mtoto wa juzi: Joseph Aspdin wa mji wa Leeds aliiandikisha mwaka 1824, akaiita Portland kwa kuifananisha na jiwe la kisiwa cha jina hilo katika Uingereza. Ilipofika Afrika ya Mashariki ilikuta jina la mzee likiwa wazi, ikalichukua. Sasa kijana akisikia saruji hudhani kwamba kabla ya gunia la kiwanda hapakuwa na kitu.

Mwalimu Julius Nyerere aliuona ugonjwa huu mapema. Katika taarifa yake ya mwaka 1977 ya kulipima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, alilalamika kwamba watu wamekuwa watumwa wa saruji na mabati, hata wakakataa kujenga kwa matofali na vigae vinavyoweza kupatikana kwao, wakangoja udongo wa Ulaya. Aliuhesabu kuwa ni kupooza kwa akili. Karibu miaka hamsini imepita, na jambo moja tu limebadilika: udongo wa Ulaya sasa hupikwa nyumbani. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, cha Wazo karibu na Dar es Salaam mwaka 1966, na vingine vingi vikafuata. Hilo ni jema kwa ajira na kwa hazina za serikali. Lakini kuhamisha tanuri si kuhamisha fikira.

Neno linaloleta madhara makubwa zaidi ni kudumu. Wahesabuji wa nyumba na wakopeshaji huzigawanya nyumba kuwa za kudumu na za muda, na mpaka wa mafungu hayo ni saruji. Basi na waulizwe: kudumu ni miaka mingapi? Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, una sehemu zilizosimama tangu zama za kati. Kuta za Husuni Kubwa zilijengwa mwanzoni mwa karne ya kumi na nne, nazo zimekaa karne nyingi bila paa wala mwangalizi, zikipigwa na chumvi ya bahari. Kwa upande wa pili, ghorofa ya zege la kisasa iliporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 kabla haijaisha kujengwa, ikaua watu 36. Nyingine ikaanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, ikaua watu zaidi ya 40. Na nyingine Kariakoo, Novemba 2024, ikaua watu zaidi ya 20. Majengo haya yote yangeandikwa katika fungu la kudumu.

Watetezi wa saruji watajibu upesi kwa kuitaja Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jibu hilo ni zito, wala halifai kupuuzwa. Lakini jumba la namna hiyo lina masharti yake. Ukuta wa chokaa hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Ukiachiwa paa livuje miaka na miaka, hulemewa. Na ukipakwa lipu ya saruji juu, kama wafanyavyo mafundi wengi wa siku hizi kwa nia njema, maji hufungiwa ndani, mawe yakaoza taratibu nyuma ya uso mzuri. Watunzaji wa majengo ya kale duniani kote hulijua jambo hili na hulikemea. Aghalabu nyumba za Mji Mkongwe haziuawi na uzee. Huuawa na kuachwa, au na tiba isiyo yao.

Yafaa kuutazama ufundi wenyewe, kwa kuwa wanaoudharau mara nyingi hawajauona. Mawe ya matumbawe na kuni zilipangwa kuwa tanuu la duara, likawashwa, likaunguzwa hata mawe yakawa unga. Kisha chokaa ikaachwa ipigwe na mvua na hewa muda mrefu, hata miezi, kabla ya kuguswa, maana chokaa changa hupasuka ukutani. Boriti za mikoko zililetwa kutoka Rufiji na Lamu, na urefu wa boriti ndio uliokuwa sheria ya chumba: upana haukuzidi kile ambacho mti ungeweza kukibeba, ndiyo sababu vyumba vya majumba ya mawe ni virefu na vyembamba, Lamu kama Unguja, na hata ng'ambo katika miji ya Arabuni ambako boriti hizo ziliuzwa. Juu ya boriti yakaja mawe, juu ya mawe kokoto na chokaa, na sakafu hiyo ikatwangwa kwa vijiti na umati wa watu siku kadhaa, kwa nyimbo, mpaka ikashikamana isipitishe maji. Mwisho ikaja niru, nyeupe na laini. Katika kazi yote hiyo fedha ilikwenda kwa mchoma chokaa, mkata boriti, mwashi na mtwangaji. Ilizunguka ndani ya mji.

Hata hivyo mtu asiseme kwamba wa kale walikuwa watakatifu. Tanuu la chokaa lilikula kuni nyingi, matumbawe hai yalichimbwa baharini, na mikoko ilikatwa hata Kenya ikalazimika kupiga marufuku uuzaji wa boriti nje mwaka 1982. Tofali la kuchoma, ambalo watu wa bara hulisifu, nalo ni adui wa misitu. Mwenye kutaka kurudisha kila kitu cha jana hajui hesabu. Lakini hesabu hiyo hiyo na ifanywe kwa saruji pia. Ili ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo kwa joto la kiasi cha nyuzi 1450, ambapo chokaa peke yake hutosheka na nyuzi 900 hivi. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka haitoki hata katika moto, bali katika jiwe lenyewe linapovunjika, kwa hiyo kubadili kuni au makaa hakuiondoi. Dunia hutengeneza kiasi cha tani bilioni nne za saruji kwa mwaka, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa asilimia saba au nane ya hewa ya ukaa yote itokanayo na wanadamu. Na wanaomlaumu mchoma chokaa kwa kuharibu matumbawe wakumbuke kwamba jiwe la Bamburi nalo ni matumbawe, yaliyokufa zamani na kuinuka juu ya bahari. Mashimo yake yalikuwa makubwa hata ikawa sifa ya dunia nzima pale René Haller alipoanza mwaka 1971 kuyapanda mivinje na kuyageuza kuwa msitu. Kisha kuna mchanga. Kila mfuko wa saruji hudai mchanga mara kadhaa ya ujazo wake, nao huchotwa mitoni na mashambani. Unguja, kisiwa kidogo, serikali imelazimika kuudhibiti uchimbaji wake.

Hasara ya mfukoni haihitaji mwanachuoni. Ni nani asiyeyajua mapagala? Yapo pembezoni mwa kila mji, kutoka Mbagala hata Mtwapa: kuta za matofali ya saruji zisizo na paa, nondo zimechomoza juu zikipata kutu, mpapai umeota sebuleni. Kila pagala ni akiba ya miaka ya mtu mmoja, iliyogandishwa. Mwenyewe amepanga chumba kwingine, hulipa kodi kila mwezi, naye hununua mifuko mitano akipata, kumi akifanikiwa. Ametiwa moyoni kwamba afadhali pagala la saruji kuliko nyumba nzima ya udongo yenye watu, taa na moto wa jikoni. Je, huu ndio uchumi?

Wala kosa si lake peke yake, kwa kuwa sheria ilimsukuma huko. Kanuni ya ujenzi ya Kenya ya mwaka 1968, iliyokatwa kwa kipimo cha Uingereza, ilitawala zaidi ya nusu karne kabla ya kanuni mpya ya mwaka 2024. Chini ya kanuni za namna hiyo, aliyetaka kujenga mjini kwa vifaa vya nchi alionekana mvunja sheria kwanza, mjenzi baadaye. Nyumba ya mbavu za mbwa ilibaki kuwa ya mafukara, na kwa kuwa ilikuwa ya mafukara, hapakuwa na mhandisi aliyeona fahari kuitengeneza iwe bora.

Hapo ndipo hoja yenye nguvu kuliko zote za wapenda saruji hupatikana. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu zaidi ya 15 na kuangusha nyumba nyingi, na nyingi katika hizo zilikuwa za udongo na matofali yaliyoshikizwa kwa tope. Ni kweli. Lakini kilichoanguka Kagera ni udongo usio na elimu. Ukuta wa fito zilizofungwa sawasawa hupinda kabla ya kuanguka. Ukuta wa matofali, hata ya saruji, usiofungwa kwa mkanda juu ya madirisha hupasuka kama sahani. Udongo ulionyimwa vyuo kwa miaka mia hauwezi kulaumiwa kwa ujinga wa vyuo.

Hakuna mwenye akili anayedai kwamba bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji lingejengwa kwa kukandika. Madaraja, gati na ghorofa ndefu vina haki ya zege, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoliharibu zege katika kuta nne za familia, nyumba ya chini isiyobeba kitu ila paa lake. Kwa nyumba hiyo lipo tofali la udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, lisilochomwa, lenye saruji kidogo, asilimia tano hadi kumi; Tanzania ina wakala wa utafiti wa nyumba unaofundisha matofali ya kufungamana ya namna hii. Mafunzo yapo. Wanafunzi ndio wachache, kwa kuwa mwenye nyumba huogopa jirani atasema nini.

Nao wataalamu wa nje wanaelekea wapi? Wahandisi wa Lausanne katika Uswisi, pamoja na wenzao wa Cuba na India, wametengeneza saruji mpya ambayo nusu ya kiini cha kiwandani imeondolewa, mahali pake pakatiwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa na jiwe la chokaa lililosagwa. Huchomwa kwa nyuzi zipatazo 800 tu, na hewa ya ukaa hupungua hata kufikia asilimia 40. Udongo uliochomwa pamoja na chokaa: msomaji aliyefika hapa hana haja ya kuambiwa kitu hicho kiliitwaje Uajemi na Oman. Na Ulaya yenyewe, ambayo jina lake lilibandikwa juu ya gunia, imeutilia mashaka udongo wake. Tangu Oktoba 2023 waingizaji wa saruji katika Umoja wa Ulaya walitakiwa kutoa hesabu ya hewa ya ukaa iliyotumika kuitengeneza, na kwa mujibu wa sheria hiyo malipo huhesabiwa tangu mwaka 2026.

Basi vyuo vya Afrika ya Mashariki vina swali la kujibu. Mwanafunzi wa uhandisi hujifunza zege miaka yote ya masomo yake. Chokaa huisikia katika somo la historia, ikiwa ataisikia. Udongo wa Kisarawe, wa Pugu, ambao wajiolojia wameujua tangu zamani kuwa na kaolini nyingi, umelala mlangoni mwa Dar es Salaam. Waashi wa Mji Mkongwe wanaojua kuiivisha chokaa ni wazee, na wanafunzi wao ni wa kuhesabika. Na karani wa sensa ijayo, atakapofika mbele ya nyumba ya matofali ya udongo ulioshindiliwa, safi, baridi ndani, imelipiwa yote, haidaiwi na mtu, atashika kalamu mbele ya mafungu mawili. Ni wajibu wa watungao fomu kumwambia mapema aiandike katika fungu lipi.