Sifa zote kwa Mujapani: na mikono ya Durban?

Pikapu ikifika Butembo, Bukavu ao Bunia na muzigo wake, kisha siku mbili za matope, sifa zinajulikana mbele: "Toyota ni Toyota", "Mujapani anajua kazi". Mwenye gari anapigapiga kapo kwa kiganja kama mutu anayesifu ngombe wake. Furaha hiyo ni ya kweli. Mutu ambaye hajapita njia ya Shabunda wakati wa mvua hawezi kuelewa maana ya gari ambalo halimwachi mutu porini. Lakini mara nyingi shukrani hizo zinatumwa kwa anwani ambayo siyo.

Hilux ya miaka hii haitengenezwe tena Japani. Wajapani wenyewe, tangu mwaka wa 2017, Hilux wanayouziwa inaletwa kutoka Thailandi. Na mwenye gari hahitaji kuuliza mutu juu ya lile la kwake: aangalie namba ya shasi, ile ya herufi na tarakimu 17 iliyopigwa kwenye chuma. Ikianza na JT, gari limetoka Japani. Land Cruiser za misioni, za hospitali na za mashirika mara nyingi ziko hapo. Ikianza na MR0, ni mikono ya Wathailandi. Ikianza na AHT, gari limejengwa Afrika ya Kusini, katika kiwanda cha Prospecton, upande wa kusini wa muji wa Durban.

Ni hiyo AHT inayopaswa kusimamisha mutu kidogo. Kuna wenye pikapu wanaotembea miaka kumi na kazi ya Waafrika chini ya makalio yao, na kila siku wanaimba sifa ya Mujapani. Kweli, muchoro ni wa Japani, na kanuni za kiwanda ni za Japani. Lakini muchoro haufungi bulti. Ni kweli pia kama roboti zinachomelea sehemu kubwa ya bodi. Hata hivyo nyaya, vioo, viti, mabomba ya freni na magurudumu vinapita katika mikono ya watu waliosimama kwenye mustari, na gari linalofuata halimungoji mutu aliyechoka.

Watu hao walipata pigo mwaka wa 2022. Tarehe 11 na 12 mwezi wa ine, mvua kali ilianguka Durban na katika sehemu zingine za jimbo la KwaZulu-Natal. Watu zaidi ya 400 walikufa. Maji yaliingia Prospecton, kiwanda kikasimama, na mitaa ya karibu kama Umlazi na Isipingo ikaharibika pia. Wakaaji wa Kalehe, waliofukia watu wao kisha mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi mwezi wa tano 2023, hawahitaji kuelezwa usiku wa namna hiyo. Kule Durban ilibidi kutoa matope, kukausha na kupima mashine moja moja, na kazi ilirudi polepole kisha miezi. Magari zaidi ya 4 000 yaliyofikiwa na maji hayakupakwa rangi na kuuzwa kwa watu wasiojua: yalivunjwa. Mwenye Hilux yoyote aliyewahi kununua gari "safi" kumbe lilizama mahali fulani anajua thamani ya uamuzi huo.

Tena mikono hiyo haikupewa heshima kama zawadi. Durban ni muji ambamo, mwaka wa 1973, chini ya utawala wa apartheid, makumi elfu ya wafanyakazi weusi waliacha kazi ili kuomba mushahara unaoweza kulisha nyumba. Kutoka hapo vyama vya wafanyakazi weusi vilipata nguvu tena. Miaka makumi ine kisha hapo, 2013, wafanyakazi wa viwanda vya magari wa inchi nzima, pamoja na chama chao NUMSA, walisimamisha kazi kwa majuma. Wenye magari wanaona mugomo wa namna hiyo kama usumbufu tu, kwa sababu bei inapanda na magari yanachelewa. Lakini fundi mwenye njaa atakaza bulti za nani?

Kuna wanaojibu kama mufanyakazi alilipwa, basi deni limekwisha. Kwa kitabu cha mahesabu, ndiyo. Lakini watu hao hao wanamushukuru Mujapani, naye pia alilipwa.

Shukrani yenyewe haihitaji barua ya kwenda Durban. Hilux imepimwa kubeba karibu tani moja. Huku inaongezewa vyuma vya resori, inapakizwa mara mbili, na watu kumi na tano juu ya magunia. Kisha shasi ikipasuka, mwenyewe anasema magari ya siku hizi ni mabaya. Pale kiwandani mutu alikaza gurudumu kwa ufunguo unaopima nguvu. Sokoni mwenye gari anachagua plakete za freni za bei ya chini kabisa, zenye jina zuri kwenye katoni na unga ndani.

Na kuna fundi wa garaji, yule anayelala chini ya gari kwenye matope huko Beni ao Uvira ili kazi ya Durban iendelee kuishi mwaka wa kumi na tano. Huyo hana kiwanda, hana chama, na mara nyingi anaambiwa arudi kesho kuchukua pesa zake. Mwenye pikapu anayetaka kushukuru waliomujengea gari aanzie kwake: amulipe siku hiyo hiyo, mbele ya kuwasha moteri.